Siku Anande Alipoingia Bustani ya Mjerumani

Sijui kama Arusha nzima palikuwa na mtu aliyependa maua kumshinda Anande. Kama alikuwapo, basi alijificha vizuri. Nyumbani kwake Olasiti maua yaliota kwenye madebe ya mafuta ya kula, kwenye sufuria zilizotoboka, kwenye beseni alimokuwa akimwogeshea mwanawe, na hata kwenye choo cha kukaa ambacho jirani mmoja alikitupa kilipopata ufa. Watu walipita wakacheka, wakaenda zao, kisha wakarudi kuomba mbegu. Walimwita Mama Maua, naye aliitika.

Kazi yake ilikuwa kuuza nyanya soko la Kilombero. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, mwenye sauti ya kuvuka soko zima bila taabu, na mdomo wake ulijulikana. Ukibonyeza nyanya yake kabla ya kununua, alikuuliza kama siku ya posa ulimbonyeza hivyo hivyo mchumba wako. Wateja walimrudia kwa ajili ya maneno hayo hayo.

Dhambi yake ya kudumu ilikuwa moja, na hata mchungaji wake aliijua. Anande alikuwa mwizi wa vijiti. Akiona ua asilokuwa nalo, ukucha wa kidole gumba ulianza kumwasha. Aligeuza mgongo, akajifanya anafunga kiatu, na kufumba na kufumbua kijiti kimevunjwa na kimeingia kwenye mkoba. Aliamini kabisa kwamba ua la kuomba hunyauka na la kuiba hushika. Aliiba benki, aliiba hospitali, na siku waliyokwenda kumwombea mchungaji alipougua malaria, aliiba hapo hapo dirishani kwa mgonjwa huku wenzake wakisema amina. Mchungaji alipopona aliliona ua lake Olasiti, akalitazama, akanyamaza.

Bustani moja tu ilikuwa imemshinda, nayo ni ile ya kando ya Mto Themi, ambayo watu waliiita bustani ya Mjerumani. Mjerumani mwenyewe aliondoka zamani sana. Alikuja na mbegu za kila nchi akazijaribu pale, aone ni mti gani utakubali udongo wa Meru. Waingereza wakafuata na mawaridi na mabenchi yao. Baada ya uhuru lango likafungwa, na ulipofika ule mwaka wa njaa, wenye ofisi walipanda mahindi katikati ya mawaridi, na hakuna aliyewalaumu. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa mjini, maduka ya watu binafsi yakaota kila kona, na mtu fulani akakumbuka kwamba hata maua yanaweza kuleta chochote. Lango likapakwa rangi, kibanda cha soda kikasimama, na maharusi wakaanza kumiminika kila Jumamosi kupiga picha. Ikafika mahali harusi isiyopitia bustanini ilionekana haijaiva.

Miaka yote aliyokaa Arusha Anande alipita nje ya wavu na tenga lake la nyanya, akichungulia. Aliujua kila mti kwa upande mmoja tu. Zamani alikatazwa kuingia, na hata ruhusa ilipokuja hakuingia, alisema bustani kama ile mtu haiingii na tenga kichwani. Anaingia siku ana sababu, na viatu miguuni. Kwa hiyo binti yake Brightness alipomletea habari kwamba Emmanuel amemchumbia, kijana wa Kimeru mwenye kwao juu karibu na Momela, Anande hakuuliza tarehe wala kanisa. Aliuliza, "Picha mtapigia wapi?"

Furaha hiyo ilikuwa na mwiba, na mwiba wenyewe ulikuwa kaka yake.

Ephraimu na Anande walizaliwa wawili tu, Machame, upande wa Kilimanjaro. Baba yao alipofariki, kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kilikuwa cha Ephraimu kwa kuwa ndiye mwana wa kiume. Lakini Ephraimu alikuwa Tanga kwenye kazi ya reli. Aliyebaki kulima ni Anande, aliyekuwa amerudi nyumbani mjane, mtoto mgongoni, na mama yao mgonjwa kitandani. Kahawa nayo wakati ule ilikuwa imegeuka mzaha. Unachuma, unamenya, unaosha, unaanika, unapeleka chama cha ushirika, kisha unasubiri malipo mpaka unasahau uliuza nini. Asubuhi moja Anande aliamka, akashika jembe, akang'oa kahawa yote ya upande wa mfereji. Akapanda nyanya.

Nyanya hizo zilimlisha mama yao mpaka Mungu alipomchukua. Ndizo zilizomleta Anande Arusha, na ndizo zilizomsomesha Brightness mpaka akawa muuguzi. Lakini Ephraimu aliporudi likizo na kukuta nyanya mahali ambapo baba yake alipanda kahawa kwa mkono wake, alisimama shambani muda mrefu, kisha akageuka akaenda zake bila neno. Tangu siku ile hakuzungumza na dada yake. Kwenye maziko ya mama walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi. Reli ilipopunguza watu, Ephraimu naye akahamia Arusha, akafungua karakana ya baiskeli mtaa wa Kwa Mrombo, na hapo ndipo mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu sasa walisali kanisa moja. Ibada ikiisha, Ephraimu alimpa mkono aliyekaa kulia kwa Anande, akampa mkono aliyekaa kushoto kwake, na yeye akamruka kama dimbwi.

Anande alisema hadharani kwamba shauri lake. Lakini harusi ilipokaribia, maneno hayo hayakumtosha. Brightness hakuwa na baba. Kwa ukoo wao mjomba ndiye anayemshika bibi harusi mkono, akamwombea, ndipo akamkabidhi kwa watu wa mume. Ephraimu alileta ujumbe kupitia kwa shangazi yao Elizabeth: kanisani atakuja, kwa maana mtoto hana kosa, lakini hatasimama palipo na Anande, na ukumbini hataingia. Mkono wa mtoto watafute mtu mwingine wa kuushika. Anande aliusikia ujumbe ule akiwa anapanga nyanya, akaendelea kupanga. Jioni alipofika nyumbani alifunga mlango akalia mpaka majirani wakamsikia.

Jumamosi yenyewe iliamka na mvua za vuli, na hadi saa nne jua lilikuwa limetoka na mji wote umeoshwa. Ibada ilikwenda vizuri. Emmanuel alikosea kidole cha pete kwa kutetemeka, watu wakacheka, Brightness akamwonyesha kidole chenyewe. Kisha msafara ukashika njia, pikapu ya matarumbeta mbele ikipuliza mpaka wauza magazeti wakacheza barabarani, Pijo ya maharusi nyuma yake na riboni zake, na magari mengine yote yakipiga honi. Anande alikaa kwenye gari la tatu akiwa amevaa kitenge cha sare ya zambarau na viatu vinavyobana, na hakuacha kuzungumza hata kidogo. Alimwambia dereva apunguze, akamwambia aongeze. Shangazi Elizabeth alimuuliza anayeolewa leo ni nani.

"Mimi leo naolewa na bustani," alisema Anande. "Niacheni."

Langoni alishuka wa kwanza. Akavuka kizingiti, akasimama, akashindwa kusonga. Alikuwa amezoea kuona mijakaranda ile kwa nje, vilele tu. Sasa alikuwa chini yake, na maua yake ya zambarau yalikuwa yametapakaa kwenye majani yote mpaka mtoni, na mengine yakiendelea kudondoka juu ya kilemba chake. Alivua viatu. Viatu alivyokuwa amevisubiri miaka yote hiyo, akavishika mkononi, akaanza kutembea peku kwenye majani mabichi kwenye harusi ya mwanawe, na moyo ulimdunda mpaka akacheka peke yake.

Mtunza bustani, mzee wa Kiarusha aitwaye Loserian, mwenye buti za mvua na masikio yaliyotogwa ya kwao, alimtazama kwa makini.

"Wewe si yule mama wa tenga anayechungulia kwenye wavu?"

"Ndiye mimi, baba. Leo nimeingia kwa mlango."

"Karibu sana basi. Nilikuwa najiuliza utaingia lini."

Loserian akamtembeza. Akamwonyesha mianzi minene kama mapaja, inayolia upepo ukipita. Akamwonyesha mti uliotoka Brazili, mwingine uliotoka India, na waridi la kupanda ukutani lililofichwa nyuma ya mahindi mwaka ule wa njaa likapona. Anande aliuliza kila kitu. Hili linamwagiwa maji mara ngapi? Hili linapenda kivuli? Hili ukilikata kijiti kinashika? Swali hilo la mwisho aliliuliza kwa sauti ya mtu asiye na nia yoyote. Loserian alijibu yote kwa upole, lakini hakumwacha peke yake, maana alikuwa amefanya kazi ile siku nyingi na akina mama wa namna ile aliwajua.

Wakafika kwenye duara la mawe yaliyopakwa chokaa. Katikati ya duara, palipoheshimiwa kuliko pote, palikuwa na kichaka cha isale. Anande alipiga makofi kwa furaha. Ilikuwa kama kumkuta shangazi yako wa kijijini amekalia kiti cha askofu. Kwao Machame isale ni uzio. Ni mpaka wa kihamba na kihamba, na huota kwenye makaburi ya wazee. Na lina kazi nyingine kubwa zaidi. Ukimkosea mtu, ukitaka akusamehe, humwendei mikono mitupu, unamshikisha jani la isale. Akishalipokea hawezi kukataa tena. Anayekataa isale, litakalompata ni lake mwenyewe. Jambo hilo Mchaga mzima halichezei, awe Mlutheri, awe Mkatoliki.

Wazee walikuwa wamemwambia Anande zaidi ya mara moja ampelekee Ephraimu isale, yaishe. Aliwajibu kwamba isale ni la mkosaji, na yeye angependa kuonyeshwa kosa lake liko wapi. Aliyeachiwa mama mgonjwa na kahawa isiyolipa ni yeye. Kama kuna mtu wa kubeba isale, basi Kwa Mrombo hadi Olasiti njia inajulikana.

Kwa hiyo pale bustanini alilitazama tu, akacheka, akapita. Hakumweleza Loserian chochote. Laiti angemweleza.

Mpiga picha, Solomoni, alikuwa anahangaika na watu. Alikuwa amechagua mahali pazuri pa picha ya familia, mbele ya kichaka chenye maua meupe yaliyojipanga kwenye matawi na harufu tamu. Anande alipofika alikitambua kichaka kabla hata hajakikaribia. Kilikuwa kahawa, mojawapo ya ile aliyoijaribu Mjerumani.

"Hapo hapana," alisema.

"Mama, ndipo penye mwanga."

"Mwanga utafute kwingine, mwanangu. Mtu fulani akiiona picha hiyo atasema namsimanga."

Mtu fulani mwenyewe alikuwa nje ya lango. Alikuwa amekuja na gari la wazee, la mwisho kwenye msafara. Wenzake waliingia, yeye akabaki amesimama kando ya ukuta na koti lake jeusi na kofia ya pama, mgongo ameielekezea bustani. Anande alikuwa amemwona tangu mwanzo. Katikati ya furaha yake yote ile, kila alipofika kwenye ua jipya, jicho lilikuwa linakwenda langoni kuangalia kama bado yupo.

Mara pakatokea kelele. Shada la bibi harusi, la maua ya plastiki yaliyonunuliwa Nairobi, lilikuwa limesahaulika kwenye gari lililotangulia ukumbini. Brightness akaanza kufuta macho, wasimamizi wakalaumiana. Loserian, ambaye hakupenda kuona mtu analia kwenye bustani yake, alichomoa kisu akaenda kwenye duara la mawe, akakata jani refu la isale, linalong'aa, lenye ukingo wa njano, akampa.

"Shika hili, binti. Linapendeza kuliko plastiki."

Brightness alizaliwa Machame lakini alikulia Olasiti. Kwake yeye lilikuwa jani. Alilishika, akajitazama, akatabasamu.

Na Anande, aliyelijua jani lile tangu tumboni, alikuwa wapi? Alikuwa amechuchumaa nyuma ya ua jekundu ambalo hata jina hakulijua. Loserian alikuwa amempa mgongo kwa mara ya kwanza tangu aingie, na nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Mkoba ulikuwa wazi. Ukucha ulikuwa tayari kwenye kijiti.

"Mama," Brightness alisema nyuma yake. "Solomoni anasema wote tumefika kasoro mjomba. Tupige bila yeye?"

Anande aliganda. Hakuweza kugeuka, mkono ungeonekana. Na pale alipochuchumaa, huku kijiti kikikatika kidoleni, maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Nenda kamwite. Mwambie mama anakuita."

Brightness akaenda. Alikwenda kwa bidii, gauni limekusanywa kwa mkono mmoja na jani liko kwenye mkono mwingine. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha tope langoni, tope jeusi hasa, na gauni lilikuwa jeupe. Alihitaji mikono yote miwili. Akanyoosha jani kwa mjomba wake, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mjomba. Nishikie hili. Mama anakuita."

Anande alikuwa ameinuka kwa wakati ule, kijiti kiko mkobani salama, akiwa anajipongeza. Akatazama langoni. Akaliona jani. Akamwona kaka yake anatazama lile jani kama mtu aliyesimamishwa na askari, anavua kofia, anaipachika kwapani, ananyoosha mikono yote miwili, anapokea.

"Mungu wangu," alisema Anande, na viatu vikamdondoka.

Shangazi Elizabeth naye alikuwa ameona. Kigelegele alichopiga kiliwafanya matarumbeta wapulize bila kuambiwa. Wamachame wote waliokuwa bustanini wakageuka, na habari ikapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine haraka kuliko moto wa majani makavu: Anande ametuma isale. Anande ameomba radhi. Akina mama wakamkimbilia wakamkumbatia, mmoja akisema alijua tu kwamba moyo wake ni mzuri, mwingine akilia kabisa. Watu wa Emmanuel, Wameru, nao wakafurahi, maana mambo ya isale hawakuhitaji kuelezwa.

Anande alitaka kupiga kelele kwamba si yeye. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka yote hiyo amekataa, leo ameombewa radhi na mtunza bustani wa Kiarusha! Lakini Ephraimu alikuwa tayari amevuka lango. Alikuwa anakuja, akimshika Brightness mkono wa kulia, polepole, kama ndiko ukumbini kwenyewe. Akisema neno sasa, kaka yake ataaibika mbele ya halaiki, atageuka, na safari hii hatarudi mpaka kaburini. Akinyamaza, amemdanganya mtu kwa isale siku ya harusi ya mwanawe. Uongo mwingine Anande aliumudu vizuri sokoni. Huu ulimtisha hasa.

Ephraimu akafika mbele yake. Kwa karibu alikuwa amezeeka kuliko alivyoonekana kanisani.

"Anande," alisema.

Hakuwa amelisikia jina lake kwa sauti ile tangu nyanya za kwanza. Machozi yakamjaa hapo hapo.

"Kaka, njoo kando kidogo," alisema. "Kabla hawajapiga picha."

Walikwenda wawili tu, na watu wakawaacha kwa heshima. Mahali palipokuwa wazi palikuwa pale kwenye kahawa, wala Anande hakuwa na nguvu ya kuchagua pengine. Nyuki walikuwa wamejaa kwenye yale maua meupe. Ephraimu alivuta harufu kidogo.

"Sitakudanganya kwa isale," Anande alisema haraka haraka, akiogopa ataghairi. "Sikulituma. Mtoto alipewa na mtunza bustani ashike kwenye picha, yeye halijui, na mimi nilikuwa naiba ua. Sikuliona. Kama unataka kurudi langoni, rudi, lakini nakuomba kwanza umshike mtoto mkono ukumbini. Mimi nitakaa nje."

Ephraimu alilitoa jani ndani ya koti, akalilaza kwenye kiganja.

"Najua hukulituma," alisema.

"Unajua?"

"Halina fundo, Anande. Isale la kuomba radhi linafungwa fundo. Mama alitufundisha wote wawili siku moja."

"Sasa kwa nini ulilipokea mbele za watu?"

"Kwa sababu nimechoka. Kununa si kazi ya mtu wa umri wangu. Nimekaa Kwa Mrombo nasubiri uniletee, na wewe umekaa Olasiti unasubiri nikuletee, na huyu mtoto amekua bila mjomba na mimi nipo. Aliponinyooshea nikasema, hata kama ni jani la kufukuzia nzi, mimi naingia."

Anande alicheka na kulia kwa pamoja. Akalichukua jani kutoka kiganjani mwake. Vidole vyake vilikuwa na utomvu mweupe wa ule wizi, lakini vilikumbuka. Vilikunja ncha, vikapitisha, vikakaza. Akalishika kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya kaka yake kwenye majani yenye maji, na kitenge chake cha sare kikalowa.

"Kahawa siombei radhi," alisema. "Hata kesho ningeing'oa. Naomba radhi kwa kuwa niliing'oa bila kukuita. Ilikuwa ya baba, ulistahili kuwapo."

Ephraimu alilipokea. Akaligusa fundo kwa kidole gumba.

"Ungeniita, nisingekuja," alisema.

"Najua. Lakini ningekuwa nimekuita."

Solomoni alikuwa anaita kutoka upande wa pili kwamba mwanga unaondoka. Ephraimu akampa dada yake mkono, akamwinua.

"Yule mtoto alisema mama anakuita," alisema. "Hayo nayo yalikuwa ya mtunza bustani?"

"Hapana," alisema Anande. "Hayo yalikuwa yangu."

"Basi mimi nimekuja kwa hayo."